MVUA YA KIBONDO NA KASULU HUTOKA WAPI?

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Septemba, wakulima wa Kibondo na Kasulu huanza kuangalia juu. Mashamba yamekwisha safishwa. Mbegu ziko tayari ndani ya nyumba. Nyingine zimehifadhiwa tangu mavuno, nyingine zimenunuliwa kwa fedha zilizopatikana kwa jasho. Redioni tunasikia maneno mengi: El Niño, La Niña, joto la bahari, vuli, msimu, juu ya wastani, chini ya wastani. Halafu mtu anauliza: "Sasa hayo ya baharini yanatuhusu nini sisi tulio huku milimani?"

Swali hilo ni zuri, na linastahili jibu. Jibu fupi ni hili: yanatuhusu, tena sana, lakini si kwa namna ileile yanavyowahusu watu wa Pwani. Mkulima asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupanda mapema mno, au kuchelewa, au kuacha kupanda kwa hofu ya bure. Mbegu ikishafukiwa haichimbuliwi tena. Kwa hiyo tujifunze pamoja. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana.

1. JUA NA UKANDA WA MVUA

Weka sufuria ya maji jikoni. Maji yakipata moto, mvuke hupanda juu. Funua mfuniko uuangalie kwa ndani, utakuta matone ya maji. Mvua nayo hutengenezwa hivyo hivyo. Jua huchoma ardhi na bahari. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi, na kupanda juu pamoja na mvuke. Huko juu kuna baridi. Mvuke hugeuka kuwa matone madogo sana, nayo ndiyo mawingu. Matone yakikua na kuwa mazito, huanguka. Hiyo ndiyo mvua.

Hewa inapopanda, nafasi yake haikai tupu. Hewa nyingine hukimbilia kuijaza. Hewa hiyo inayokimbia ndiyo upepo. Katika nchi zilizo karibu na mstari wa ikweta, pepo kubwa mbili hukutana, moja ikitoka upande wa kaskazini, nyingine upande wa kusini. Watu wa Pwani wanazijua pepo hizo tangu zamani. Waliziita kaskazi na kusi, na majahazi yao yalizitumia kusafiri baina ya pwani yetu na Arabuni na Bara Hindi.

Pale pepo hizo zinapokutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Basi mawingu hujikusanya hapo na mvua hunyesha. Mahali hapo pa kukutania pameizunguka dunia kama mkanda kiunoni. Wataalamu wa hali ya hewa wanapaita ukanda wa mvua.

Ukanda huu haukai mahali pamoja. Hulifuata jua, ingawa huwa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Mwezi wa Julai uko mbali kaskazini, huko Sudani na Ethiopia. Wakati huo kwetu ni kiangazi. Upepo wa kusi unavuma, ni mkavu, asubuhi kuna baridi na nyasi zimekauka. Mwezi wa Januari ukanda uko kusini, katika nchi za Zambia, Malawi na Msumbiji. Kwa hiyo ukanda wa mvua hutupitia mara mbili kila mwaka: mara moja ukienda kusini, na mara ya pili ukirudi kaskazini.

2. KWA NINI KIBONDO NA KASULU HUTANGAZIWA MVUA TOFAUTI?

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua kwa makundi. Kundi moja ni la maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, yaani vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kundi la pili ni la maeneo yenye msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hizo huitwa mvua za msimu.

Sasa angalia. Wilaya za Kibondo na Kakonko, yaani kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma, zimewekwa kundi la vuli na masika pamoja na mikoa ya Ziwa Viktoria. Kasulu na sehemu za kusini mwa mkoa zimewekwa kundi la mvua za msimu pamoja na Tabora na Katavi. Mkoa ni mmoja, watu ni ndugu, lakini matangazo ni mawili.

Kwa nini? Fikiria basi linalotoka Kakonko asubuhi. Linapita Kibondo, linapita Kasulu, linafika Kigoma, linapumzika kidogo, kisha linageuza. Mtu wa karibu na mwisho wa safari huliona likienda, na baada ya muda mfupi huliona likirudi. Mtu wa Kakonko huliona asubuhi, kisha hukaa muda mrefu mpaka alione tena.

Ukanda wa mvua nao ni hivyo. Kituo chake cha kugeuzia kiko mbali kusini. Kadiri unavyokaa kaskazini, ndivyo muda unavyokuwa mrefu kati ya kwenda kwake na kurudi kwake. Muda huo wa katikati, Januari na Februari, ndio kiangazi kifupi. Kadiri unavyokwenda kusini, muda huo hupungua, mpaka mvua mbili huungana na kuwa msimu mmoja. Mji wa Kibondo uko kama digrii tatu na nusu kusini mwa ikweta. Mji wa Kasulu uko kama digrii nne na nusu. Tofauti ni digrii moja, nayo ni kama kilomita 110. Si mbali, lakini ni karibu na pale mvua mbili zinapoanza kuungana.

Hata hivyo tusidhani kuna ukuta kati ya wilaya hizi mbili. Kuna miaka ambayo Kibondo mvua haikatiki mwezi wa Januari. Na kuna miaka ambayo Kasulu hukauka wiki mbili tatu katikati ya msimu, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Mpaka huu husogea kila mwaka. Kwa hiyo mtu wa Kasulu asikie pia tangazo la vuli, na mtu wa Kibondo asikie pia tangazo la msimu.

3. UNYEVU WETU UNATOKA UPANDE GANI?

Tumekwisha jua kwamba mawingu huhitaji mvuke. Mvuke wetu hutoka wapi? Wengi watajibu, "Bahari ya Hindi." Ni kweli, lakini si kweli yote.

Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupanda kwanza milima ya mashariki, kama Usambara na Uluguru, na huacha mvua nyingi huko. Kisha hupita katikati ya nchi ukiwa umepungukiwa na maji. Ndiyo maana Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi tu kwa mwaka. Kama sisi wa magharibi tungetegemea upepo huo peke yake, tungekuwa na ukame kuliko Dodoma, maana tuko mbali zaidi na bahari hiyo. Lakini nyanda zetu za juu hupata kama milimita 1,000, na mahali pengine zaidi. Hiyo nyongeza inatoka wapi?

Inatoka magharibi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna misitu mikubwa ya Kongo. Hewa ya huko imejaa unyevu. Sehemu ya unyevu huo imetoka Bahari ya Atlantiki, na sehemu nyingine hutolewa na miti yenyewe, kwa sababu miti hunyonya maji ardhini na kuyatoa kwa majani. Upepo wa magharibi unapopata nguvu, huisukuma hewa hiyo kuelekea kwetu. Hewa hupita juu ya ziwa, lililo kwenye kimo cha mita 770 hivi, kisha hukutana na miinuko yetu inayozidi mita 1,200. Inalazimika kupanda. Na hewa yenye unyevu ikipanda, mnajua kinachofuata.

Kwa hiyo Kibondo na Kasulu ziko mahali ambapo hewa ya Bahari ya Hindi na hewa ya Kongo husukumana. Hewa ya mashariki ikishinda, mvua hupungua. Hewa ya magharibi ikishinda, mvua hunyesha. Wazee wanaoangalia upepo umegeukia wapi kabla ya kupanda hawababaishi. Wanaangalia jambo lilelile wanaloliangalia wataalamu, isipokuwa wataalamu wana vyombo vya kuona mbali zaidi.

4. BAHARI MBILI ZA MBALI

Kama ukanda wa mvua ungekuwa unakwenda na kurudi sawasawa kila mwaka, kazi ya mkulima ingekuwa nyepesi. Lakini sivyo. Mwaka mmoja ukanda huja mapema, mwaka mwingine huchelewa. Mwaka mmoja una maji mengi, mwingine machache. Sababu kubwa ni joto la bahari.

Tuanze na bahari ya mbali kabisa, Bahari ya Pasifiki. Kwa kawaida upepo wa huko huvuma kutoka mashariki kwenda magharibi, nao husukuma maji ya moto mpaka Indonesia. Kila baada ya miaka kati ya miwili na saba hivi, upepo huo hulegea. Maji ya moto hurudi mashariki, upande wa Peru huko Amerika ya Kusini. Wavuvi wa Peru waliona maji hayo ya moto yakija karibu na Krismasi, wakayaita El Niño, maana yake Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Upepo huo ukizidi nguvu badala ya kulegea, maji ya mashariki hupoa kuliko kawaida. Hali hiyo huitwa La Niña.

Maji ya moto yakihama, mahali pa hewa kupanda nako huhama. Ni kama kuhamisha jiko kutoka kona moja ya nyumba kwenda kona nyingine: moshi nao utapanda pengine. Na kwa kuwa hewa ya dunia yote imeshikana, badiliko la Pasifiki hufika mpaka kwetu.

Bahari ya pili ni Bahari ya Hindi. Hii ni jirani yetu, na nguvu yake kwa mvua za Oktoba hadi Desemba mara nyingi ni kubwa kuliko ya Pasifiki. Ifikirie kama mizani. Upande mmoja ni maji yaliyo karibu na Afrika Mashariki. Upande wa pili ni maji yaliyo karibu na Indonesia. Maji ya upande wetu yakiwa na joto zaidi ya kawaida, na ya Indonesia yakipoa, hewa hupanda huku kwetu na mvua huwa nyingi. Ikiwa kinyume, mvua hupungua.

Tuangalie mifano.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, mvua kubwa sana zilinyesha Afrika Mashariki. Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita moja katika miaka iliyofuata. Ziwa Tanganyika nalo lilijaa. Lakini mwaka huo haukuwa mwaka wa El Niño! Ni mizani ya Bahari ya Hindi iliyoelemea upande wetu. Jambo hili lilieleweka vizuri baadaye sana, wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Japani walipoieleza mizani hiyo mwaka 1999.

Mwaka 1997 El Niño na Bahari ya Hindi zilishirikiana. Mafuriko yake yanakumbukwa nchi nzima mpaka leo. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia, lakini Bahari ya Hindi ilielemea kwetu kwa nguvu, na maziwa yalipanda tena. Mwaka 2023 zote mbili zilishirikiana tena. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Kinyume chake, La Niña ya kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 iliziacha Kenya, Somalia na Ethiopia katika ukame mkali.

5. SISI TUKO KATIKATI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu. Usikose hapa.

El Niño ya mwaka 2023 ilileta mafuriko kaskazini na mashariki mwa Tanzania. Lakini msimu huohuo, huko Zambia, mahindi yalikauka mashambani. Mwezi wa Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza kuwa ukame huo ni janga la taifa. El Niño ni ileile moja. Kumbe huku iliua kwa maji, na huku ikaua kwa jua.

Kwa kawaida ndivyo ilivyo. El Niño huongeza mvua Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na hupunguza mvua kusini mwa Afrika. La Niña mara nyingi hufanya kinyume. Je, sisi wa Kigoma tuko upande gani?

Tuko katikati. Utazame mkono wa mizani dukani. Ncha zake hupanda na kushuka sana, lakini pale katikati unaposhikiliwa hausogei sana. Kibondo iko karibu kidogo na ncha ya kaskazini, Kasulu iko karibu kidogo na ncha ya kusini, lakini zote ziko jirani na kishikilio. Kwa hiyo jina la El Niño peke yake halitoshi kutuambia kama tutapata mvua nyingi au kidogo. Anayesema, "Redio imesema El Niño, tutafurika," amesema haraka. Na anayesema, "La Niña imekuja, tusipande," naye amesema haraka.

Ukisikia majina hayo, uliza maswali matatu:

(a) Bahari ya Hindi ikoje? Imeelemea upande wetu au upande wa Indonesia?
(b) Tangazo hili ni la kundi gani? Ni la vuli au la msimu?
(c) Mvua itaanza lini, itakatika lini, na kuna wiki kavu zinazotarajiwa katikati?

Swali la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Shamba halili jumla ya mvua ya mwaka. Shamba hunywa wiki kwa wiki.

6. KWA NINI MVUA HUKATIKA KATIKATI?

Mwaka 1971 wataalamu wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walieleza jambo la ajabu. Kuna wimbi kubwa la mawingu na upepo linaloizunguka dunia karibu na ikweta, likitoka magharibi kwenda mashariki. Humaliza mzunguko wake kwa siku 30 hadi 60 hivi. Linapokuwa mahali pazuri juu ya Bahari ya Hindi, huvuta upepo wa magharibi, na ile hewa yenye unyevu ya Kongo husogea kwetu. Mvua hunyesha siku nyingi mfululizo. Wimbi likihamia mbali Pasifiki, upepo hugeuka na mvua inaweza kukatika.

Vimbunga vya baharini navyo huingilia. Kimbunga kikiwa mashariki ya Madagaska, mara nyingi huvuta upepo kutoka Kongo ukapita juu ya nchi yetu. Mwezi wa Machi 2018 vimbunga viwili, Dumazile na Eliakim, vilipita upande huo, na Afrika Mashariki ilipata mvua kubwa kuliko kawaida.

Mambo haya hayawezi kujulikana miezi mitatu kabla. Hujulikana wiki mbili au tatu kabla, pengine pungufu. Ndiyo maana utabiri wa msimu peke yake hautoshi. Mamlaka hutoa pia utabiri wa mwezi na wa siku kumi. Huo wa siku kumi ndio wa kukuambia kama upande wiki hii au usubiri.

7. TUSIKILIZE UTABIRI KWA HESABU

"Wastani" maana yake ni mvua ya miaka mingi, kwa kawaida miaka 30, ikijumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya miaka hiyo. Mvua ikiwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani, husemwa ni ya wastani. Ikizidi asilimia 125, ni juu ya wastani. Ikipungua chini ya asilimia 75, ni chini ya wastani.

Tufanye hesabu. Chukua mahali ambapo wastani wa msimu ni milimita 1,000.

Asilimia 75 ya 1,000 ni milimita 750.
Asilimia 125 ya 1,000 ni milimita 1,250.

Unaona? Mvua ya milimita 760 na mvua ya milimita 1,240 zote zinaitwa "wastani," lakini shambani hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo neno "wastani" lisikulaze usingizi.

Tena, utabiri si ahadi. Tuseme kuna miaka kumi inayofanana na huu. Katika miaka sita kati ya hiyo mvua ilikuwa kidogo, na katika minne haikuwa kidogo. Mtabiri atasema mvua kidogo ndiyo inayotarajiwa zaidi. Mvua ikija nyingi, hajasema uongo. Umeangukia ile miaka minne. Mkulima mwenye busara hujiandaa kwa ile sita, lakini haisahau ile minne.

Na milimita moja ni kitu gani? Milimita moja ya mvua katika mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Eka moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Kwa hiyo mvua ya milimita 25 huleta katika eka moja lita 100,000. Gawanya kwa 20, utapata madebe 5,000. Nani angeweza kubeba maji hayo kichwani? Ndiyo sababu tunasema tusikose kuipokea mvua vizuri.

8. TUFANYE NINI SHAMBANI?

Kwanza, tusidanganywe na mvua ya kwanza. Mvua moja ya mwisho wa Septemba inaweza kuwa kubwa, halafu jua likawaka wiki mbili. Mbegu huota na kufa, na mkulima hulazimika kununua nyingine. Kipimo kimojawapo wanachotumia wataalamu ni hiki: mvua zimeanza kweli kama zimenyesha milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache, na katika mwezi unaofuata hazikatiki kwa zaidi ya siku kumi mfululizo. Siku zijazo hatuzioni, ndiyo maana tunasikiliza utabiri wa siku kumi. Lakini milimita 20 tunaweza kuzipima wenyewe.

Chukua kopo ambalo mdomo wake na kitako chake vina upana ulio sawa. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba, lisiangushwe na mbuzi wala watoto. Kila siku saa 3 asubuhi ingiza rula, soma milimita, andika daftarini pamoja na tarehe, kisha mwaga maji. Ukifanya hivyo miaka mitano, utakuwa na kitabu cha mvua cha shamba lako mwenyewe. Kisomo chako kitakuwa kimekuzalia faida.

Pili, chimba kwa jembe kabla ya kupanda. Kama udongo umelowa kina cha shubiri moja, unyevu upo. Kama umelowa juu tu na chini ni vumbi, subiri.

Tatu, maharage tuyapande kwa kuhesabu siku kurudi nyuma. Mengi hukomaa kwa siku 75 hadi 90. Kama utabiri unasema mvua zitakuwa nyingi mpaka Januari, maharage yaliyokomaa yanaweza kuozea shambani, basi tayarisha mapema mahali pa kuanikia penye paa. Maharage ya pili, yale ya Februari na Machi, yasichelewe, maana ukanda wa mvua ukiondoka kwenda kaskazini mwezi wa Mei hausubiri mtu.

Nne, mbolea ya kukuzia tusiweke siku moja kabla ya mvua kubwa. Maji huichukua mpaka bondeni, kisha Mto Malagarasi, na mwisho Ziwa Tanganyika. Samaki hawakuituma.

Tano, tusiweke tumaini lote katika zao moja. Muhogo na viazi vitamu huvumilia wiki kavu zinazoua mahindi. Mwaka ambao redio haina uhakika, robo eka ya muhogo ni akiba.

Ndugu wasomaji, hatuwezi kuamuru upepo wa Kongo wala kupoza Bahari ya Hindi. Lakini tunaweza kujua vinakwenda wapi, na kuchagua siku ya kufukia mbegu. Babu zetu walisoma upepo na miti. Sisi tuna upepo, miti, redio, daftari na kopo. Tuvitumie vyote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Kibondo hutangaziwa mvua za vuli na Kasulu hutangaziwa mvua za msimu?
2. Mwaka 1961 haukuwa mwaka wa El Niño. Kwa nini basi mvua zilikuwa kubwa?
3. Wastani wa mvua za vuli mahali fulani ni milimita 400. Mvua ikinyesha milimita 280, ni chini ya wastani au ni ya wastani? Onyesheni hesabu.
4. Mvua ya milimita 10 huleta madebe mangapi ya maji katika eka moja?
5. Katika kijiji chenu, wazee hutazama dalili gani kabla ya kupanda? Ni dalili zipi zinazoonyesha kugeuka kwa upepo?

MANENO YA KUKUMBUKA

Ukanda wa mvua: mahali pepo za kaskazini na kusini zinapokutana na kuleta mvua.
Kiangazi kifupi: wiki kavu kati ya vuli na masika.
El Niño: maji ya Pasifiki ya mashariki kupata joto kuliko kawaida.
La Niña: maji hayo kupoa kuliko kawaida.
Wastani: jumla iliyogawanywa kwa idadi.
Milimita: sehemu moja ya kumi ya sentimita.